Je, Wajua? Jiji Likitanuka, Stendi Huhama

Je, wajua kwamba kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 Mkoa wa Pwani uliongeza watu karibu sawa na Dar es Salaam? Dar ilitoka watu 4,364,541 ikafika 5,383,728. Pwani ilitoka 1,098,668 ikafika 2,024,947. Piga hesabu mwenyewe: Dar iliongeza milioni moja na ushei, Pwani laki tisa na zaidi. Kwa asilimia ndiyo utashika mdomo: Dar 23, Pwani 84. Na wageni hawa wa Pwani si wote waliofuata mashamba ya mihogo. Simama Vikindu, Kerege au Mlandizi kabla ya adhana ya alfajiri, utawakuta kituoni wamebeba mifuko ya laptopu na vyombo vya chakula cha mchana, wanaelekea Dar. Karani wa sensa humhesabu mtu alipolala. Konda humhesabu anakokwenda.

Hapo ndipo mjadala wa idadi ya watu na usafiri unapopotea njia. Tunabishana kuhusu vichwa, wakati kinachoongezeka kwa kasi zaidi ni kilomita. Mtu mmoja aliyehama Ilala kwenda Chanika hajaongeza mtu hata mmoja Dar es Salaam, lakini barabara imempata kama abiria mpya, tena wa masafa marefu.

Je, wajua kwamba Wakiso, wilaya inayoizunguka Kampala, ina watu wengi kuliko Kampala yenyewe? Mwaka 2002 Kampala ilikuwa mbele: 1,189,142 dhidi ya 907,988. Ilipofika sensa ya 2014 mambo yaligeuka: Kampala 1,507,080, Wakiso 1,997,418. Mtu akikuambia foleni ya Kampala inatokana na watu wa Kampala, mwulize wale wa Entebbe, Kira na Nansana kila asubuhi huwa wanaelekea wapi.

Nairobi nako ni yale yale. Kati ya 2009 na 2019 kaunti ya Nairobi ilikua kwa asilimia 40, kutoka watu 3,138,369 hadi 4,397,073. Jirani yake Kajiado, yenye Ngong, Kitengela na Ongata Rongai, ilitoka 687,312 ikafika 1,117,840, yaani asilimia 63. Rongai ilishakuwa utani wa taifa zamani. Kijana akisema anaishi Rongai, wenzake humwuliza kama amekuja na pasipoti.

Na je, wajua kwamba Kenya iliunda chombo maalumu kwa sababu ya wasafiri hawa wa kuvuka mipaka? Mwaka 2017 ilianzishwa Mamlaka ya Usafiri ya Eneo la Jiji la Nairobi, NaMATA, inayogusa kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Wazo lenyewe ni zuri, kwa kuwa matatu haisimami kwenye mpaka wa kaunti kubadilisha bendera. Ugumu ni kwamba magavana ni watano, bajeti tano, kura tano, na abiria ni yule yule mmoja.

Haraka haraka: Tanzania ilikua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka kati ya sensa ya 2012 na ya 2022. Mwendo huo ukiendelea bila kupungua, watu huwa mara mbili katika miaka 22 hivi. Mtoto aliyezaliwa usiku wa sensa ya 2022, nchi ikiwa na watu 61,741,120, atamaliza chuo katika nchi ya watu zaidi ya milioni 120. Barabara ya lami haijawahi kuzaana kwa kasi hiyo popote.

Haraka tena: mwaka 1967 jiji la Dar es Salaam lilikuwa na watu 272,821. Ukilinganisha na sensa ya 2022 ni karibu mara 20, ingawa mipaka ya leo ni mipana kuliko ya wakati ule. Upana huo wenyewe ndio habari. Wakati ule mtu wa Magomeni aliweza kwenda Kariakoo kwa miguu, akarudi, akaenda tena jioni.

Je, wajua kwamba hata wataalamu wa dunia wamewahi kuipa Dar watu ambao sensa haikuwakuta? Makadirio ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa 2018 yalisema jiji lingekuwa na watu milioni 6.7 mwaka 2020 na milioni 10.8 mwaka 2030. Sensa ya 2022 ikakuta milioni 5.4. Waliokadiria walitazama kasi ya miaka ya 2002 hadi 2012, ambapo mkoa ulikuwa ukikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka, wakaivuta mbele. Kasi ndani ya mkoa ilishuka hadi asilimia 2.1. Rudi sasa kwenye takwimu za Pwani hapo juu, utaona sehemu ya kasi hiyo imemwagikia wapi. Kiwanja Mbezi Beach hakishikiki, Mapinga huko Pwani bado unalipa kwa awamu.

Stendi ya mabasi ya mikoani nayo ina historia yake, na ukiifuata unapata ramani ya jiji linavyotanuka. Wazee wanaikumbuka Kisutu, katikati kabisa ya mji. Ikaja Ubungo, ambayo wakati huo wengi waliiona ni mbali mno, nani atakwenda huko saa kumi na moja alfajiri na masanduku? Miaka ikapita, mji ukaizunguka Ubungo, mabasi yakawa yanashinda kwenye foleni kabla hata ya kuonja barabara kuu. Mwaka 2021 stendi ikahamia Mbezi Luis, yapata kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, ikapewa jina la Magufuli. Basi la Mwanza sasa linatoka mjini mapema kweli. Lakini abiria anayetoka Mbagala au Kigamboni na watoto wawili na begi la mkaa wa zawadi ana safari mbili: ya kufika stendi, na ya kwenda Mwanza. Ya kwanza ndiyo inayomchosha.

Je, wajua kwamba daladala zilikuwepo kabla ya kuruhusiwa? Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, ndilo lililopewa kazi ya kubeba wakazi wa jiji, na mabasi yake hayakutosha. Vipuri vilikuwa adimu, fedha za kigeni hazikuwepo, watu wakawa wanaongezeka kila mwaka. Magari ya watu binafsi yakaingia kimyakimya, yakikimbizana na askari, mpaka mwaka 1983 serikali ilipokubali yafanye kazi kwa kibali. Kenya ilikuwa imetangulia: mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi. Kampuni ya Kenya Bus, iliyokuwa na mabasi Nairobi tangu 1934, ikapata mshindani asiyefuata ratiba wala sare. Katika miji yote miwili sheria ilikuja nyuma ya abiria. Watu walishapanda, serikali ikaja kuhalalisha.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndani ya daladala kuna hesabu ambayo wapangaji wa miji huisahau. Inaitwa hivyo hivyo, hesabu. Mwenye gari anataka kiasi fulani kila jioni, liwe jua iwe mvua. Dereva na konda wanaweka mafuta, wanapeleka hesabu, kinachobaki ndicho chao. Kwa hiyo faida yao yote iko kwenye idadi ya tripu zilizojaa. Sasa tuseme gari lilikuwa linapiga tripu nane kwa siku, foleni ikaongezeka, zikabaki tano. Gari ni lile lile, viti ni vile vile, lakini kazi iliyofanywa na magari matano jana leo inahitaji magari manane. Hakuna aliyezaliwa, hakuna aliyehamia, na tayari jiji lina upungufu wa usafiri. Leta sasa hayo magari matatu ya ziada barabarani, foleni inaongezeka, tripu zinapungua tena. Watu wakiongezeka kwa sehemu moja, mahitaji ya magari yanaweza kuongezeka kwa sehemu mbili. Nawasikia wanasiasa wakiahidi mabasi mapya bila kutaja tripu kwa siku, nabaki najiuliza kama waliwahi kukaa kiti cha mbele wakamsikiliza suka, yaani dereva.

Ndiyo maana kuna kukatisha ruti. Gari limeandikwa Gongo la Mboto, likifika katikati konda anatangaza mwisho, kwa sababu akienda hadi mwisho atarudi mtupu. Trafiki akimkamata anamwandikia faini, na siku ya pili gari linakatisha tena, kwa kuwa faini ni ya siku moja na hesabu ni ya kila siku. Abiria wa mbali, yaani yule yule aliyesukumwa pembezoni na bei ya viwanja, ndiye anayelipa nauli mara mbili.

Na ndiyo maana kuna kugeuza nayo. Jioni, mtu anayekwenda Mbagala anapanda gari linaloelekea mjini, anakaa kitini, analipa, linafika mwisho, linageuza, naye yumo, ametulia dirishani akiwatazama wanaopigania mlango. Amelipa nauli mbili na kutumia muda wa ziada ili apate kiti. Katika vitabu vya takwimu huyo ni abiria wawili.

Je, wajua kwamba kwa konda mwanafunzi mmoja ni theluthi ya mtu mzima? Nauli iliyopandishwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, Desemba 2023 iliweka shilingi 600 kwa mtu mzima kwenye ruti isiyozidi kilomita 10. Ya mwanafunzi ikabaki 200. Unganisha hilo na sensa: Watanzania walio chini ya miaka 15 ni karibu asilimia 43 ya wote. Nchi changa namna hii ina wanafunzi wengi, na kengele ya shule inalia saa zile zile ofisi zinapofunguliwa. Konda hana chuki na watoto, ana hesabu ya kupeleka jioni. Ukimkemea kwa kuwasukuma mlangoni una haki, lakini kesho asubuhi hutakuwepo, watakuwepo wao na yeye. Fidia ya tofauti ile ya shilingi 400 ingepaswa kutoka mahali pengine kuliko mfukoni mwa kijana mwenye tambara la jasho shingoni.

Sasa mwendokasi, mabasi ya Dar es Salaam yenye njia yao peke yao. Awamu ya kwanza, kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kubeba abiria Mei 2016 kwa mabasi 140. Kwa mradi huo Dar es Salaam ilipata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Basi lake refu la mita 18 limeundwa kubeba watu 150 hivi. Wapange watu hao kwenye magari madogo, wawili wawili: unapata magari 75. Kila gari na nafasi yake ya mbele ni mita saba, kwa hiyo umejaza zaidi ya nusu kilomita ya barabara kwa watu wanaoenea kwenye mita 18. Hesabu hii haipingiki. Kinachopingika ni pale basi lenyewe linapochelewa kituoni mpaka nyomi inafika kwenye ngazi, kisha likija limejaa tangu Kimara. Njia ya pekee bila mabasi ya kutosha ni lami inayopigwa jua, na wenye magari yao walio foleni pembeni huitazama kwa uchungu.

Je, wajua kwamba nyumba iliyojengwa vilima vya Pugu inaweza kusimamisha basi Jangwani? Karakana ya mwendokasi ilijengwa kwenye bonde la mto Msimbazi, na Barabara ya Morogoro inavuka bonde hilo hilo. Mto unashuka kutoka upande wa Kisarawe na Pugu. Kila bati na kila uwanja wa saruji huko juu unazuia maji kuzama ardhini, miti ikikatwa udongo nao unashuka, mto unajaa mchanga, mvua ikinyesha maji hayana pa kukaa. Barabara inafungwa, mabasi yamewahi kulowa yakiwa yameegeshwa. Watu wameongezeka juu ya mto, usafiri umekwama chini yake, na kwenye ripoti mambo hayo mawili huandikwa na wizara mbili tofauti.

Mwaka 2012 ulikuwa mwaka wa reli na lami. Tarehe 29 Oktoba treni za abiria za jijini zilianza Dar es Salaam, reli ya kati kati ya Stesheni na Ubungo, na nyingine kwenye reli ya TAZARA. Watu wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Hata wiki mbili hazijaisha, Novemba, Rais Mwai Kibaki akafungua barabara kuu ya Thika, kilomita 50, na siku chache baadaye stesheni ya Syokimau. Syokimau yenyewe, angalia, iko Machakos, nje ya Nairobi.

Thika Road ndiyo mfano wangu wa kila mara. Barabara ilipanuliwa kwa sababu watu walikuwa wengi. Ilipopanuka, mtu wa Ruiru akajua anaweza kufanya kazi mjini na kulala kwenye nyumba ya kodi nafuu. Watu 238,858 wa Ruiru wa mwaka 2009 wakawa 490,120 mwaka 2019. Ghorofa zikaota kama uyoga kuanzia Roysambu hadi Juja, na saa kumi na mbili asubuhi jam ya Thika Road iko palepale, imeongezewa upana tu. Mwanauchumi wa Marekani Anthony Downs aliliandika jambo hili mwaka 1962: barabara kuu ya mjini ikipanuliwa, msongamano wa saa za kazi hurudi hadi kuijaza. Barabara haihudumii watu waliopo tu, huwaita wengine.

Naye Mwitaliano Cesare Marchetti mwaka 1994 alitoa hoja kwamba watu wa zama zote hutumia wastani wa saa moja hivi kwa siku kusafiri, kwa hiyo ukubwa wa mji hufuata kasi ya chombo. Mji wa watembea kwa miguu ni mdogo, wa treni ni mkubwa. Ningependa angekuja apande gari la Chanika saa kumi na mbili jioni, siku ya Ijumaa, mvua ikinyesha.

Je, wajua kwamba Nairobi, pamoja na matatu zake zote zenye muziki na michoro, karibu watu wanne kati ya kila kumi husafiri kwa miguu tu? Ni wakazi wa Kibera wanaokwenda Industrial Area, wa Mathare wanaokwenda Eastleigh. Hawaonekani kwenye foleni, kwa hiyo hawaonekani kwenye bajeti. Mwaka 2022 barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa juu ya vichwa vyao.

Huko majini hesabu ya watu ni ya uhai. Kivuko cha Likoni, Mombasa, huvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku, na mtembea kwa miguu halipi hata senti. Mji wa kale uko kisiwani, kazi nyingi ziko kisiwani, watu wameongezeka upande wa kusini, na katikati ni maji. Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama hapo jirani na watu 272 wakafa. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia wakapotea. Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa ni 228.

Katika kila msiba wa namna hii tume huandika neno uzembe, na ni kweli. Lakini tazama pia upande wa pili: kisiwa kinaongezeka watu, soko linakua, chombo ni kile kile cha miaka yote, safari ni zile zile. Anayebaki ufukweni siku ya gulio anapoteza kipato cha wiki. Kukataza watu wasijazane bila kuwaongezea chombo ni kuwaachia nahodha na walinzi wa geti kazi ambayo ilikuwa ya mipango. Likoni wakati wa korona walijaribu njia nyingine, wakaweka daraja la kuelea la waenda kwa miguu pale Liwatoni. Mwanza wamemaliza kabisa: daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu juu ya ziwa, lilifunguliwa Juni 2025. Kivuko kilichukua zaidi ya nusu saa, bila kuhesabu kusubiri. Gari sasa linapita kwa dakika chache, na wauza samaki wa kukaanga wa kwenye foleni za kivuko itabidi watafute foleni nyingine.

Haraka: bodaboda ilianza kwa baiskeli mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ikibeba watu na bidhaa zao. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki za chini ya sisi 250, na mengine mnayaona mlangoni mwenu. Pikipiki ilipata soko kwa sababu mitaa mipya hujengwa nyumba kwanza na barabara baadaye, au kamwe. Daladala inaishia lami inapoishia.

Haraka zaidi: Goma, mashariki ya Kongo, wana chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa na kuteleza na gunia la mkaa au viazi juu yake. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano, watu wamefurika kwa miaka mingi ya vita. Chukudu imesimamishiwa sanamu katikati ya mji. Sijui mji mwingine uliomheshimu mchukuzi wake kiasi hicho.

Rwanda: watu 13,246,394 kwa sensa ya 2022, zaidi ya 500 kwa kila kilomita ya mraba. Kigali ilitoa kadi za kugonga kwenye mabasi tangu 2015, na tangu 2016 ina siku za kufunga barabara kwa magari ili watu wakimbie na kutembea. Foleni za vituoni jioni bado wanazo.

Je, wajua kwamba barabara pana ina gharama ambayo haiandikwi kwenye bango la mradi? Mwaka 2017 nyumba zilivunjwa kutoka Kimara kuelekea Kibaha ili Barabara ya Morogoro ipanuliwe hadi njia nane, kilomita 19.2. Alama ya X nyekundu ukutani ilifika kwa watu waliokuwa wamejenga kwa miaka mingi, wengine wakiwa na umeme na maji ya serikali ndani. Walioondolewa walikwenda wapi? Mbele zaidi, kwenye viwanja vya bei ya chini, ambako kutoka huko wanaitumia barabara ile ile iliyowavunjia.

Mwaka 2023 Tanzania iliruhusu tena mabasi ya mikoani kusafiri usiku, baada ya marufuku iliyodumu tangu miaka ya tisini. Mchana ulikuwa umejaa. Na Desemba safari za mwaka mzima hujazana ndani ya wiki mbili: miji yetu imekua kwa watu waliotoka kwingine, na Krismasi wanarudi walikotoka. Wachaga ndio wanaotaniwa zaidi, lakini stendi ya Mbezi ina kila kabila. LATRA hutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada, Costa zilizozoea kubeba wanafunzi zinajikuta zinapanda Same. Desemba 2019 treni ya abiria ilirudi Moshi baada ya zaidi ya miaka 20, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Nauli ya basi haikufurahi.

Tuseme pia kinyume chake, maana si kila mara watu huja kwanza. Mwaka 1899 reli kutoka Mombasa ilifika kwenye kinamasi baridi palipokuwa na maji ya kunywa na uwanda wa kuegesha vichwa vya treni kabla ya kupanda milima. Mafundi wakapiga mahema, wakajenga karakana. Mji ule leo una watu zaidi ya milioni nne na unaitwa Nairobi.

Kwa hiyo ukitaka kujua Dar es Salaam ya kesho italala wapi, tazama reli ya kisasa, SGR. Treni za umeme zilianza kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma kabla ya Agosti kufika. Kutoka Stesheni, kituo cha kwanza ni Pugu, kinachofuata ni Soga, wilaya ya Kibaha, mkoa ule ule wa Pwani ulioongezeka kwa asilimia 84. Treni ilikuwa haijatembea hata mwaka mmoja, madalali wakawa wanatangaza viwanja vya Soga vilivyo dakika tano kutoka stesheni. Dakika tano za dalali unazijua. Beba maji ya kunywa, vaa viatu vya kutembelea, na mwulize mwenye bodaboda nauli kabla hujalipa ya kiwanja.